Mama mkwe anasema vizazi vya kwetu havishiki mimba. Je, ni jeni zangu?

SWALI

Shikamoo Mama Daktari,

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina miaka 36, naishi Morogoro na mume wangu. Mwaka wa pili wa ndoa yetu nilishika mimba, ikatoka ikiwa na wiki tisa. Baada ya hapo ikawa kimya. Nilipopigwa picha ya mirija niliambiwa wa kushoto umeziba, na wa kulia umeziba na umejaa maji, kwa hiyo njia iliyobaki ni kupandikiza. Tukauza kiwanja, tukaenda kliniki moja Dar es Salaam.

Mara ya kwanza niliwekewa kiinitete kimoja, yaani yai lililorutubishwa maabara, cha siku ya tano. Daktari alinionyesha kwenye skrini akasema hiki ni kizuri, ni daraja la juu. Nilitoka pale najiona mama tayari. Siku ya kipimo cha damu, hakuna kitu. Mara ya pili wakaniwekea kingine kizuri vilevile. Safari hii kipimo kikaonyesha mimba, nikampigia mume wangu nikiwa nalia kwa furaha. Waliporudia kupima, namba zilikuwa zimeshuka, na haikuchukua muda hedhi ikaja. Vimebaki viwili, vimegandishwa.

Dada yangu mkubwa yuko Dodoma, ana mtoto mmoja wa kiume lakini mimba tatu zimemtoka. Mama yetu alituzaa sisi wawili tu. Mama mkwe ameyajumlisha yote hayo, akasema mbele ya mawifi zangu: "Vizazi vya kwao havishiki, ni mambo ya damu yao." Mume wangu alikuwepo na hakufungua mdomo. Yeye ana binti aliyempata kabla ya kunioa, kwa hiyo nikigusia habari ya kupima ananiambia yeye alishajithibitisha. Mama mkwe ameniletea pia dawa za kuondoa chango na kusafisha kizazi, nyingine za kunywa na nyingine za kuweka ukeni. Nimezitumia kwa sababu sitaki maneno.

Sasa kliniki wananishauri nifanye kipimo cha jeni za ukuta wa kizazi. Wanachukua kipande kidogo, kinapelekwa nje ya nchi, kinasomwa jeni zaidi ya mia mbili, halafu wanajua siku gani kizazi kinapokea. Bei yake ni karibu kodi ya nyumba yetu ya mwaka mzima.

Naomba unijibu bila kunificha. Kizazi changu kinakataa watoto? Nimerithi? Nilipe hicho kipimo? Na kama kweli ni jeni zangu, nimwambie mume wangu aendelee na maisha yake?

Mwalimu, Morogoro

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Pole kwa mimba ile ya mwanzo, pole kwa hizi za karibuni, na pole kwa kukalishwa sebuleni ukoo wenu ukipekuliwa wewe ukiwepo.

Nitakujibu yote uliyouliza. Lakini kuna jambo umelitaja kwa nusu sentensi ukalipita, nalo ndilo lililonifanya niijibu barua yako kabla ya nyingine: mrija wako wa kulia umejaa maji. Hukusema kama ulitolewa au kufungwa kabla hujapandikizwa. Kama haukuguswa, nakuomba sana hivyo viinitete viwili vilivyobaki visitoke kwenye barafu mpaka mrija huo ushughulikiwe. Humo vilimo havizeeki. Vitabaki na umri uliokuwa nao siku mayai yalipovunwa, hata ukikawia mwaka.

Mrija wa namna hiyo huwa umeziba kwa nje, upande wa ovari, na upande unaoingia kwenye mji wa mimba mara nyingi huachwa wazi. Kwa hiyo maji yale hushuka ndani kidogo kidogo, mahali palepale kiinitete kinapotakiwa kukaa. Tafiti zilizokusanya maelfu ya mizunguko ya kupandikiza zilikuta kuwa wanawake wenye mirija ya maji hushika mimba kwa karibu nusu tu ya kiwango cha wenzao, na zile wanazoshika hutoka zaidi. Mwaka 1999 zilitoka habari za jaribio lililofanywa katika nchi za Skandinavia: wanawake wenye tatizo hili waligawanywa kwa kura, wengine wakatolewa mirija kabla ya kupandikizwa, wengine wakapandikizwa hivyohivyo. Waliotolewa walijifungua zaidi, na faida ilionekana wazi zaidi kwa wale ambao maji yao yalionekana hata kwenye ultrasaundi ya kawaida. Tangu hapo huu ni ushauri wa kawaida kabisa katika fani hii, na una haki ya kuuliza kwa nini kwako haukutangulia.

Hapa ndipo jeni zinapoingia, ila kwa mlango tofauti na ule wa mama mkwe wako.

Kila seli ya mwili wako, iwe ya ngozi, ya ini au ya kizazi, ina jeni zilezile ulizozaliwa nazo. Kinachotofautiana ni ipi inafanya kazi, wapi, na siku gani. Ni kama vyungu vya mwenye shughuli: vyote vimo stoo, ila siku ya ubwabwa kinateremshwa cha ubwabwa. Katika ukuta wa kizazi kuna jeni iitwayo HOXA10. Baada ya yai kutoka, homoni ya projesteroni inapopanda, jeni hii huamka na kuanza kuzipa amri jeni nyingine zinazoufanya ukuta uwe laini na upokee. Panya jike waliozaliwa bila jeni hii, kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 1995, walitoa mayai vizuri tu lakini mimba hazikushika. Sasa sikiliza: watafiti wa Marekani walipochukua vipande vya ukuta wa kizazi kwa wanawake wenye mirija ya maji, walikuta HOXA10 imefifia katika zile siku za kupokea. Mrija ulipotolewa, ikapanda tena. Hayo yalichapishwa mwaka 2007. Jeni za wanawake wale zilikuwa nzima kabisa. Zilikuwa zimenyamazishwa na maji.

Ndiyo maana swali lako la kurithi nimelipasua vipande viwili. Mtu anaweza kuzaliwa na jeni yenye kasoro, na hilo linarithiwa. Mtu anaweza pia kuwa na jeni nzima isiyofanya kazi siku inapohitajika, kwa sababu ya maji, ya kovu, ya uvimbe au ya homoni zisizotosha, na hilo halirithiwi, na mengi yake yanatibika. Na mirija kuziba si mambo ya damu ya mtu. Huziba zaidi kwa maambukizi, mara nyingi ugonjwa wa zinaa wa klamidia ambao haukuonyesha dalili yoyote, au maambukizi baada ya mimba kutoka, au kifua kikuu kilichoshukia viungo vya uzazi. Hicho cha mwisho usikisahau utakapokaa na daktari, maana TB huacha makovu kwenye mirija na kwenye ukuta wenyewe, na nchini kwetu bado ipo.

Je, kizazi chako kinakataa? Tazama ushahidi ulionipa mwenyewe. Kiinitete kinapowekwa siku ya tano kina seli mia moja hadi mia mbili hivi, na upana wake ni kama sehemu ya tano ya milimita. Bado kimo ndani ya ganda jembamba, na siku ya sita hivi hulipasua na kutoka. Kikitoka hutua juu ya ukuta, na seli zake za nje, zile zitakazokuja kuwa kondo la nyuma, hunasana na protini zilizojitokeza juu ya ukuta. Tezi za ukuta nazo zinakuwa zinamwaga kemikali iitwayo LIF, bila hiyo mazungumzo kati ya wawili hawa hayaanzi. Kisha kiinitete huanza kuzama. Kwa binadamu kinazama chote, mpaka ukuta unajifunika juu yake, na seli zake zinaifikia damu ya mama. Ni katika hatua hiyo tu homoni ya mimba inaingia kwenye damu yako, kwa sababu inatengenezwa na seli hizo za kiinitete.

Mara ya pili kipimo chako kiliisoma homoni hiyo. Maana yake kiinitete kilitua, kikanasa, kikaanza kuzama, na ukuta wako ukakiruhusu. Ile mimba ya mwanzo nayo ilikaa wiki tisa. Kizazi kisichopokea hakifanyi hivyo. Najua kupata na kupoteza kunauma pengine kuliko kukosa moja kwa moja, lakini kwa mganga anayekutafutia njia, hiyo ni habari njema. Na ujue jambo hili lilivyo la kawaida: mwaka 1988 mtafiti Allen Wilcox na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake wa North Carolina, Marekani, waliokuwa wanatafuta mimba kwa njia ya kawaida na wakipima mkojo kila siku. Karibu mimba moja kati ya kila tano zilizoanza ilitoka kabla mwenyewe hajajua kuwa anayo. Wangeona hedhi imekuja, wakaendelea na shughuli zao. Wewe umeijua kwa sababu ulikuwa unapimwa.

Basi kwa nini haikukaa? Mrija nimeshautaja. Sababu ya pili, ambayo kwa wanawake wote wa umri wako ndiyo kubwa kuliko zote, imo ndani ya kiinitete.

Mayai yako yote yaliumbwa ukiwa bado tumboni mwa mama yako. Tangu wakati huo yamesimama katikati ya kazi ya kugawa kromosomu, yaani vile vifurushi vinavyobeba jeni, yakisubiri zamu. Yai likifika zamu yake baada ya miaka thelathini na kitu, nyuzi zilizokuwa zinazishika kromosomu pamoja zimelegea, na mgawo unaweza kukosewa: kromosomu moja inazidi au inapungua. Kwenye miaka 35 na 36, kama theluthi ya viinitete vya siku ya tano, au zaidi kidogo, huwa na hesabu isiyo sawa. Ukifika 40 huzidi nusu. Vingi kati ya hivyo havishiki kabisa, au hushika vikaachia mapema. Katika mimba zinazotoka kwenye miezi mitatu ya kwanza, nusu au zaidi huwa na kasoro ya kromosomu, na inayoonekana zaidi kati ya zile zenye kromosomu ya ziada ni ile ya 16 ikiwa tatu badala ya mbili.

Daktari alipokuonyesha kiinitete akasema ni kizuri, alisema kweli. Aliangalia umbo: seli ngapi, zimepangika vipi. Kromosomu hazionekani hivyo. Kiinitete chenye sura ya kupendeza kinaweza kuwa na kromosomu 47, na kilichokaa vibaya kikawa na 46 zake kamili. Na kosa hilo huzaliwa na kufa na yai lile. Hukulirithi, na wala halihukumu mayai yaliyobaki. Kwa hiyo jeni zilizoamua zaidi hatima ya viinitete vile viwili huenda zilikuwa zao wenyewe.

Sasa dada yako. Hapa mama mkwe ameshika uzi wa kweli, ingawa ameuvuta vibaya. Mimba tatu kumtoka mtu mmoja si jambo la kupita tu, na kwa kuwa mdogo mtu naye imemtoka, lipo jambo moja la kurithi linalostahili kupimwa. Kuna watu ambao vipande vya kromosomu mbili vimebadilishana mahali. Mtu mwenyewe ni mzima wa afya, kwa sababu hakuna kilichopungua wala kuzidi, vimehama tu. Watu wa namna hii si wachache: ni kama mmoja katika kila 500. Tabu inakuja anapotengeneza yai au mbegu, maana mgao unaweza kutoa kipande cha ziada upande mmoja na upungufu upande mwingine. Baadhi ya mimba zake hutoka, nyingine hukaa na kuzaa mtoto mzima. Dada yako ana mtoto mmoja na mimba tatu zilizotoka. Sisemi ndivyo alivyo. Nasema historia yake inatosha kuomba kipimo.

Kipimo chenyewe ni cha damu ya mkono, huitwa kariotaipu. Damu inaoteshwa maabara, kromosomu zinahesabiwa na kukaguliwa moja moja, kwa hiyo majibu huchukua wiki kadhaa. Ningependa dada yako aanze, kwa sababu dalili ziko kwake. Akikutwa nayo na ikathibitika imetoka kwa mmoja wa wazazi wenu, kwako ni nusu kwa nusu. Asipokutwa nayo, neno la "damu yao" halina mguu wa kusimamia. Hata kwa wanandoa wanaopoteza mimba mara kwa mara, wanaokutwa na hali hii ni kama watatu hadi watano kati ya mia. Na hata wewe ukikutwa nayo, ipo njia: viinitete huchunguzwa kabla ya kuwekwa, vinachaguliwa vile vyenye mgao kamili. Huko kuchunguza kuna maana kubwa kwa mwenye hali hiyo. Kwa asiye nayo, faida yake inabishaniwa. Jaribio kubwa la China lililochapishwa mwaka 2021, lenye wanawake 1,212, lilikuta waliochunguziwa viinitete walizaa kwa asilimia 77.2 na wasiochunguziwa kwa asilimia 81.8.

Mume wako lazima apimwe naye, na siku hiyohiyo. Kuwa na binti hakumwondoi. Mtu mwenye kromosomu zilizobadilishana anaweza kuwa na mtoto mzima, kama dada yako huko Dodoma alivyo na wake. Mbegu za leo pia si zile za miaka ile. Zaidi ya hapo, mchango wa baba haukomi yai linaporutubishwa. Jeni zilizotoka kwake huanza kufanya kazi ndani ya kiinitete mnamo siku ya tatu, na zinahusika moja kwa moja na namna kondo linavyojichimbia. Hili limechunguzwa hapa jirani, kwenye hospitali ya Mulago, Kampala, na watafiti wa Makerere wakiongozwa na Annettee Nakimuli, wakishirikiana na Ashley Moffett wa Cambridge. Katika ukuta wa kizazi kuna seli za kinga za mama ambazo vipokezi vyake hutengenezwa na jeni za kundi la KIR, na vipokezi hivyo husoma alama za HLA-C kwenye seli za kondo. Nusu ya alama hizo mtoto amezitoa kwa baba. Mwaka 2015 walichapisha kuwa kuna aina ya KIR ambayo Waafrika wanayo na Wazungu hawana, inayowakinga wajawazito wasipate presha ile inayotangulia kifafa cha mimba. Kwa hiyo hata pale jeni zinapohusika kweli, huwa ni mambo ya wawili. Hakuna anayeweza kusema ni za mke peke yake bila kumpima mume.

Nikija kwenye kile kipimo cha bei kubwa: ningekuwa mimi, nisingelipa. Wazo lake ni zuri. Kilitokana na kazi ya Wahispania waliochapisha mwaka 2011 orodha ya jeni 238 ambazo kuwaka na kuzimika kwake hubadilika ukuta unapokuwa tayari. Wakatumaini kuwa kwa kuzisoma utajua kama dirisha la mama fulani, yaani zile saa ukuta wake unapopokea, limesogea saa kadhaa mbele au nyuma. Ila dawa ya wazo ni jaribio. Mwaka 2022 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha jaribio la Marekani lenye wanawake 767, wote wakiwekewa viinitete vilivyokwisha kuhakikiwa kromosomu. Waliopangiwa siku kwa kipimo hicho walijifungua kwa asilimia 58.5, na waliowekewa kwa ratiba ya kawaida asilimia 61.9. Yaani kipimo hakikuongeza chochote. Kwako lipo tatizo jingine: ukipimwa ukuta huku maji yanaendelea kushuka, unapima nini? Mkwaruzo wa kizazi, wengine huuita kuamsha kizazi, nao wakikupendekezea uache. Jaribio la mwaka 2019 la wanawake 1,364 lilikuta waliokwaruzwa na wasiokwaruzwa wamejifungua sawasawa kabisa, asilimia 26.1 kila upande.

Na usije ukauziwa sindano za kurekebisha jeni za kupokea. Ile LIF niliyokutajia ilikuwa na hadithi nzuri sana kwa panya. Mwaka 1992 mtafiti Colin Stewart na wenzake walionyesha kuwa panya jike wasio na jeni yake walikuwa na viinitete vizima ambavyo havikushika kwao, lakini vilipohamishiwa kwa panya wengine vilishika na kuzaliwa. Watu wakasema basi tuwape wanawake LIF. Walipojaribu, matokeo yaliyotoka mwaka 2009 hayakuonyesha msaada wowote. Mwili wa binadamu hautegemei jeni moja kwa kazi kubwa kiasi hicho.

Fedha hiyo iweke kwenye mrija, kwenye kariotaipu, na kwenye kuangaliwa ndani ya kizazi kwa kamera ndogo, waone kama hakuna kovu, kinyama au uvimbe unaochungulia ndani. Mara nyingi kamera hiyo inaweza kupitishwa siku hiyohiyo ya upasuaji wa mrija, ukachomwa usingizi mara moja. Nikwambie kinachonipa moyo: mwaka 2021 ulitoka utafiti wa wanawake zaidi ya elfu nne waliowekewa viinitete vyenye kromosomu kamili, kimoja kimoja, mpaka mara tatu. Zaidi ya tisa kati ya kila kumi walishika mimba ikakaa. Wote walikuwa na vizazi visivyo na hitilafu ya umbile. Wale ambao kizazi chao kweli hakipokei, bila sababu inayoonekana, ni wachache mno kuliko tunavyoaminishwa. Viinitete vyako havijahakikiwa, kwa hiyo usizichukue namba hizo kama zako, lakini mara mbili hazitoshi kumwita mtu mgumba, tena mara mbili zenye mrija wa maji.

Dawa za kuweka ukeni uache leo. Zinachubua, zinaleta maambukizi, na maambukizi ndiyo yanayoharibu ukuta na mirija. Za kunywa pia weka chini, hatujui kilichomo wala zinavyopambana na homoni utakazopewa. Foliki asidi endelea nayo. Kama ni vigumu kumkatalia mama mkwe, mwambie umepewa masharti na daktari ya kutotumia dawa nyingine yoyote. Si uongo, nimekupa sasa hivi.

Swali lako la mwisho nimelirudia mara kadhaa. Umwachie mume wako aendelee na maisha yake? Hapana, mwanangu. Usijihukumu kwa kosa ambalo hakuna aliyelipima. Kinachotakiwa kwa mume wako ni kufungua mdomo. Mkae wawili, nyumbani kwenu, mpe barua hii asome mwenyewe. Halafu mwombe mambo mawili tu: atoe damu siku utakayotoa wewe, na amwambie mama yake kwa kinywa chake kwamba tatizo lililopatikana mpaka sasa ni la mrija, kwamba halirithiwi, na kwamba asilizungumze tena mbele ya watu. Mama atalipokea kutoka kwa mwanawe. Kutoka kwako ataliita jeuri. Akikataa yote mawili, hapo utakuwa na shida ya ndoa, na hiyo uiitishie wazee wa pande zote mbili, usiibebe kizazini.

Utakapokwenda kliniki, peleka ile picha ya mirija na uombe ultrasaundi ya ukeni waone maji yapo kiasi gani. Waulize kama watautoa mrija kwa upasuaji wa matundu madogo. Wakikuta umegandana na utumbo kwa makovu kiasi kwamba kuutoa ni hatari, uliza kama wanaweza kuubana au kuufunga pale unapoungana na mji wa mimba, ili maji yasishuke. Hiyo nayo inasaidia karibu sawa na kuutoa. Wa kushoto nao waukague wakiwa humohumo ndani, maana mrija ulioziba leo unaweza kukutwa na maji kesho. Baada ya hapo watakupangia lini ukuta utakuwa umepona, na ndipo kiinitete kimoja kitolewe kwenye barafu. Kimoja, si viwili kwa pamoja, hata wakikushawishi. Mapacha wana hatari zao, na cha pili utakihitaji, aidha kwa jaribio jingine au kwa mdogo wake.